Kwa nini makanga wa dakika tano hukumbukwa kuliko mfalme wa kurasa tatu?

Katika michezo ya kuigiza ya mezani, kama Dungeons & Dragons iliyotoka Marekani mwaka 1974, kila mchezaji huwa na mhusika wake. Waliobaki wote, kuanzia mfalme hadi mwuza maji, ni wa msimamizi, naye ndiye huwapa sauti. Mbona basi mfalme aliyeandikiwa kurasa tatu za ukoo na vita husahaulika kabla chai haijapoa, ilhali makanga aliyebuniwa papo hapo huulizwa habari zake wiki nzima?

Kurasa zile wachezaji hawazisomi. Wao hukutana na mtu anayewajibu, na mtu hujibu kulingana na anachokitaka wakati huo. Tuseme wanakimbizwa katika Nairobi ya kubuni, wakarukia matatu pale Muthurwa. Ikiwa wewe msimamizi unachojua ni kwamba makanga ni mrefu na ana kovu, swali la kwanza usilolitarajia litakukwamisha. Lakini ukijua kwamba jioni imefika na pesa za mwenye gari hazijatimia, majibu huja yenyewe. Atawaficha? Ndiyo, wakilipia vile viti viwili vilivyo tupu. Atawauza kwa askari? Hata kidogo; askari hao hao walimla mia mbili asubuhi.

Kisha mpe kitu kimoja cha kusikika. Kabla ya kusema ukweli hugonga bodi ya gari mara mbili, basi nawe gonga meza. Kimoja kinatosha. Lafudhi za kuigiza makabila ziache kabisa: ni uvivu, na zinamchoma mtu aliyeketi karibu nawe.

Usimwamulie mapema kama ni rafiki au adui. Toleo la mwaka 1981 la mchezo huo liliacha dadu mbili ziamue mgeni anawapokeaje wachezaji: jumla ya 2 ni shambulio, 12 ni urafiki wa moyo mkunjufu, na 6 hadi 8 ni mtu ambaye hajaamua. Kati ya njia 36 ambazo dadu hizo zinaweza kuanguka, 16 huangukia hapo katikati, na hapo ndipo maneno ya wachezaji yana uzito.

Makanga wetu amepata 7. Amesimama mlangoni, anavitazama vile viti viwili, anangoja waseme.