Programu ya usomaji wa likizo: maana yake, na namna ya kuiandaa hapa Tanga

Programu ya usomaji wa likizo ni mpango wa maktaba ya umma kwa ajili ya watoto wakati shule zimefungwa. Mtoto anajiandikisha, anachagua vitabu mwenyewe, anasoma kwa mwendo wake na kuweka kumbukumbu ya alichosoma. Kila wiki maktaba huandaa shughuli moja ya kumfanya atamani kurudi. Hakuna mtihani wala alama. Ukiweka mtihani, umefungua twisheni.

Marekani, maktaba zilianza mipango ya aina hii mwishoni mwa karne ya 19, nayo hufanyika kati ya Juni na Agosti, shule zao zinapofungwa kwa muda mrefu. Uingereza wana mpango wa nchi nzima tangu 1999, ambao umezoea kuwataka watoto wa miaka 4 hadi 11 wasome vitabu sita kabla shule hazijafunguliwa. Sisi tuna likizo ya Juni na ile ya Desemba. Anayeanza aanze na Juni, maana Desemba watoto wengi wa mjini hupelekwa kwa bibi na babu, huko Muheza, Pangani au Lushoto.

Kwa nini maktaba ijisumbue? Mwaka 1978 mtafiti Barbara Heyns alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kuhusu wanafunzi wa mji wa Atlanta, Marekani. Aliona kwamba pengo kati ya watoto wa familia zenye uwezo na zisizo na uwezo hupanuka zaidi miezi ya likizo kuliko wakati wa masomo. Aliona pia kwamba watoto waliosoma vitabu na kutumia maktaba likizoni walisonga mbele. Mimi naliona jambo hili kuwa la haki kabla ya kuwa la elimu. Nyumba nyingi kwetu zina vitabu vya kiada, zina msahafu au Biblia, lakini hadithi ya kumfurahisha mtoto wa darasa la tatu hazina. Shule ikifungwa, mtoto huyo hana pa kuipata isipokuwa maktaba.

Kwa hiyo kiini cha programu ni uhuru wa kuchagua. Mtoto akitaka kitabu cha magari, apewe cha magari. Akitaka kurudia kile kile cha sungura mara nne, aachwe. Watu wazima hupenda kuingilia hapa, na ndipo wanapoiharibu.

Jambo la pili ni kipimo. Ukihesabu vitabu, mwepesi wa kusoma atamaliza kumi na mwenzake anayesoma kwa kuunganisha silabi atabaki na kimoja, kisha ataona haya na kuacha kuja. Bora kuhesabu muda. Tuseme mada ya mwaka ni bahari, na kadi ya usomaji imechorwa silikanti, yule samaki ambaye wanasayansi waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, na ambaye wavuvi wetu wamekuwa wakimnasa kwenye majarife tangu miaka ya 2000. Hifadhi ya bahari yenye jina lake ilianzishwa hapa Tanga mwaka 2009. Kila dakika 20 za kusoma, mtoto anapaka rangi gamba moja. Kusomewa na dada yake kunahesabika, na yeye kumsomea mdogo wake kunahesabika pia. Samaki akijaa rangi, mtoto anapata zawadi, na zawadi iwe kitabu cha kwenda nacho nyumbani kiwe chake. Kila aliyemaliza apewe, asishindanishwe na mwenziwe.

Ratiba nayo ina wenyewe. Likizo haimaanishi mtoto yuko huru kutwa, kwani wengi wanakwenda chuoni kusoma Kurani, na chuo cha huku asubuhi, cha kule alasiri. Mkutubi azungumze na maustadhi kabla ya kupanga saa, asije akamlazimisha mzazi kuchagua kati ya Kurani na hadithi.

Sasa matangazo, ambako mipango mingi mizuri hufia. Bango lililobandikwa mlangoni mwa maktaba linasomwa na watu ambao tayari wanakuja maktaba. Maktaba yetu ya mkoa ni jengo zuri la miaka ya 1950, lililojengwa kwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Sita, na kuna watoto wanaopita mbele yake kwa baiskeli wakidhani ni ofisi ya serikali isiyowahusu. Hao ndio wa kufuatwa, tena kabla shule hazijafungwa, maana zikishafungwa huwapati tena mahali pamoja. Wiki mbili za mwisho za muhula, mkutubi aombe dakika tano mstarini. Asihutubie juu ya faida za kusoma. Ashike kitabu, asome ukurasa mmoja wenye kisa, afike pale simba anapoufungua mlango, akifunge. Kisha aseme kitabu hiki kiko wapi na kuanzia lini.

Kwa wazazi, ujumbe upite wanapokutana: makundi ya WhatsApp ya darasa, vikoba vya akina mama, matangazo ya msikitini na kanisani, redio za hapa mjini. Utaje tarehe, saa, umri, kwamba ni bure kama kweli ni bure, na kitabu kikipotea itakuwaje. Hili la mwisho halisemwi, ilhali ndilo linalomfanya mama wa Makorora amkataze mwanawe kuazima. Kama maktaba inaweza kusamehe, iseme wazi. Kama haiwezi, iseme kuwa mtoto anaweza kusomea pale pale na gamba lake akapaka.

Idadi ya waliojiandikisha isikudanganye. Angalia wangapi wamekuja wiki ya tatu, uwalinganishe na wa wiki ya kwanza. Walioacha, wapigie simu wazazi wao uulize kwa upole: saa haikufaa, nauli, au hakupata kitabu alichokipenda? Majibu hayo yaandikwe daftarini, yakafanyiwe kazi kabla ya likizo ya Desemba.