Anayehama na anayetoka sekondari: makocha wa mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani wanapimaje?

Dhana: Makocha hawataki tena kijana anayetoka sekondari.

Wanamtaka, ila nafasi zake zimepungua. Tangu 2021 mchezaji wa chuo anaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa benchi mwaka mzima, na tangu 2024 anahama mara anazotaka mradi masomo yake yawe sawa. Kocha aliyepungukiwa mtu chini ya goli ana uchaguzi: amlee kijana wa miaka 18, au amchukue wa miaka 22 ambaye tayari amecheza misimu mitatu na video zake zipo. Wengi wanamchukua wa pili, na siwalaumu; kocha asiposhinda anafukuzwa.

Lakini kipaji kikubwa bado kinasubiriwa. Chuo cha Duke kilifika nusu fainali ya taifa 2025 kikianza mechi na vijana watatu wa mwaka wa kwanza: Cooper Flagg, Kon Knueppel na Khaman Maluach. Maluach ni wa kwetu kabisa: mzaliwa wa Sudan Kusini, amekulia Kawempe, Kampala, kisha akapitia akademia ya NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, kule Senegal. Kwenye kikosi hichohicho alianza Sion James, aliyehamia kutoka chuo cha Tulane. Kocha mzuri huchanganya.

Dhana: Anayehama ni aliyeshindwa alikotoka.

Hii inaniudhi, kwa sababu inawavunjia heshima vijana waliojituma. Mtazame Walter Clayton Jr. Sekondari alijulikana zaidi kwa futiboli ya Kimarekani. Kwenye kikapu akaanzia Iona, chuo kidogo, akang'ara, ndipo akahamia chuo cha Florida. Nusu fainali ya 2025 aliifunga Auburn pointi 34. Kwenye fainali Houston walimbana, kipindi cha kwanza hakupata hata pointi moja. Sekunde za mwisho ndiye aliyemrukia mpigaji wa Houston, yule akashindwa kurusha, na Florida ikatwaa ubingwa 65 kwa 63. Huyo ndiye aliyeshindwa?

Dhana: Ukijiandikisha kuhama, timu umeshapata.

Hapana. Jina linaingia tu kwenye orodha ambayo makocha wanaipitia. Chuo chako kina haki ya kukufutia ufadhili muhula ukiisha, na wapo wanaobaki bila pa kwenda.

Dhana: Siku hizi ni pesa tu.

Pesa zipo, na tangu 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Ila viza ya mwanafunzi wa kigeni inabana sana kazi ya malipo ndani ya Marekani, kwa hiyo kijana wetu asiende akihesabu hizo.

Kabla ya kusaini, muulize kocha: nafasi yangu inachezwa na nani, amebakiza misimu mingapi, na mwaka jana ulileta wangapi kutoka vyuo vingine?