Uraia wa Ujerumani kwa Mwislamu: faili linapokwama

Kwenye makundi ya WhatsApp ya Waswahili walioko Ulaya kuna maneno mawili yanayozunguka. La kwanza ni kwamba Mjerumani hampi Mwislamu uraia. La pili ni kwamba tangu sheria mpya ya 2024 uraia unagawiwa kama njugu. Mwaka huo wa 2024 watu karibu 292,000 walipata uraia wa Ujerumani kwa tajnisi, na zaidi ya robo yao walikuwa Wasyria. Kwa hiyo la kwanza halina msingi. La pili nalo halimsaidii mtu ambaye faili lake limelala ofisini mwaka wa pili huu bila jibu.

Ninavyoiona sheria hii, sehemu yake kubwa ni makaratasi, na penye makaratasi dini ya mtu haiulizwi. Dini huingia mahali pachache ambapo serikali hutaka kujua mwenendo wa mtu: ndoa zake, jumuiya zake, na namna anavyowachukulia wanawake. Hapo ndipo waombaji Waislamu hukwama, mara nyingi kwa sababu hawakujua kwamba hapo pana mlango.

Tuanze na kwa nini jambo hili ni zito. Sheria ya uraia ya 1913 ilifuata damu: mtoto wa Mjerumani ni Mjerumani, basi. Wafanyakazi wa Kituruki walipoanza kuletwa kwa mkataba wa 1961, kisha Wamorocco 1963 na Watunisia 1965, watoto wao waliozaliwa Berlin au Köln walibaki wageni. Ni mpaka Januari 2000 ndipo kuzaliwa nchini kulipoanza kuhesabika, na hata hapo kijana alilazimika kuchagua kati ya pasipoti mbili kabla ya kutimiza miaka 23. Sharti hilo lililegezwa 2014 na kufutwa kabisa Juni 2024. Utafiti wa serikali uliotolewa 2021 ulikadiria Waislamu kuwa kati ya milioni 5.3 na 5.6, na 47% tu kati yao walikuwa raia. Wengine hawapigi kura. Raia wa nchi za Umoja wa Ulaya angalau humchagua diwani. Mturuki au Mkenya aliyeishi hapa miaka thelathini hata huyo hamchagui, kwa kuwa Mahakama ya Katiba ilibatilisha jaribio la jimbo la Schleswig-Holstein mwaka 1990. Wanasiasa wanaohubiri utangamano huku wakikaza mlango wa uraia wangeanza na hesabu hiyo.

Sasa masharti. Tangu tarehe 27 Juni 2024 muda wa kuishi kihalali ni miaka mitano badala ya minane, na Ujerumani haidai tena uukane uraia wako wa zamani. Njia ya mkato ya miaka mitatu, iliyowekwa kwa wenye mafanikio ya pekee, Bunge liliifuta Oktoba 2025, kwa hiyo ukikuta ukurasa unaoitaja, ukurasa huo umepitwa na wakati. Unahitaji Kijerumani cha kiwango cha B1, yaani cha kati, mtihani wa uraia, kujitegemea kimaisha, utambulisho uliothibitishwa, na rekodi safi ya jinai. Faini, ambazo Ujerumani huzihesabu kwa siku za kipato, zisipozidi siku 90 huachwa kando, ila kosa lenye nia ya chuki dhidi ya Wayahudi au ya kibaguzi halina kiwango cha chini. Ada ni yuro 255, na yuro 51 kwa mtoto anayeomba pamoja na mzazi. Angalia pia aina ya kibali: mwenye kibali cha masomo anaweza kuwa ametimiza miaka yake mitano, lakini bila kibali cha ukaazi wa kudumu au kingine kinachokubaliwa ataambiwa asubiri.

Mtihani wenyewe si wa kukuogopesha. Maswali ni 33 kwa dakika 60, ukipata 17 umefaulu, ada yuro 25. Yote hutoka kwenye orodha iliyo wazi ya maswali 300 ya taifa na 10 ya jimbo lako. Pitia orodha nzima kwa wiki kadhaa, umemaliza.

Kujitegemea ndiko kunakoangusha wengi, na tangu 2024 kumekazwa. Kinachozuia ni fedha za Jobcenter, ofisi inayowasaidia wasio na kazi au wenye kipato kisichotosha, na za ustawi wa jamii. Posho ya watoto haizuii, wala posho ya ulezi wa mtoto mchanga, wala malipo ya bima ya kukosa kazi uliyoichangia mwenyewe. Nimeona mara nyingi watu wakiahirisha ombi kwa hofu ya posho ya watoto. Hofu hiyo haina sababu. Zamani aliyepokea fedha za Jobcenter bila kosa lake, kama mgonjwa au mama anayelea peke yake, sheria ilimtetea. Sasa wanaosamehewa ni wafanyakazi wa mikataba ya zamani, aliyefanya kazi ya muda wote kwa miezi 20 kati ya 24 iliyopita, na mwenzi wa mtu huyo wakiishi pamoja na mtoto mdogo. Mama aliye peke yake, anayefanya kazi nusu siku na kuongezewa na Jobcenter, amebaki na njia ya huruma ya ofisi tu. Kwangu hicho ndicho kipande kibaya kuliko vyote katika sheria hii.

Utambulisho una ngazi zake. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Utawala ya Shirikisho iliyoko Leipzig iliziweka sawa: kwanza pasipoti au kitambulisho cha taifa, pasipowezekana, hati nyingine rasmi, kisha ushahidi mwingine unaofaa, pamoja na mashahidi, mwisho kabisa maelezo ya mwombaji mwenyewe. Hushuki ngazi mpaka uonyeshe kwamba ya juu haipatikani. Hili linawagusa Wabajuni na Wabarawa waliotoka Somalia, kwa sababu Ujerumani haizitambui pasipoti za Somalia. Kosa la kawaida ni kwenda ofisini na kusema tu, “sina hati.” Onyesha ulichojaribu: barua kwa ubalozi na tarehe zake, stakabadhi, cheti cha shule, hati za ndugu ambaye utambulisho wake ulishakubaliwa. Majina na tarehe zilingane na ulizotoa siku ya kuomba hifadhi. Kama hazilingani, eleza kwa maandishi kabla hujaulizwa.

Tukija kwenye ndoa, kuna kisa cha kisheria kinachofaa kujulikana. Mwaka 2018 mahakama hiyohiyo ya Leipzig ilishughulikia shauri la mwanamume wa asili ya Syria aliyekuwa na mke Ujerumani, akaoa wa pili Damascus, na hakuitaja ndoa hiyo alipoomba uraia. Majaji walisema ndoa ya pili peke yake haithibitishi kwamba mtu amekataa misingi ya demokrasia. Bunge liliona mwanya na kuuziba 2019. Katika sheria ya sasa, mwenye wake wawili kwa wakati mmoja hapati uraia, hata kama ndoa zote ni halali alikotoka.

Wengi husoma hapo na kupita, kwa kuwa hawana mke wa pili. Wanasahau talaka. Mwanamume amemwacha mke wa kwanza Unguja au Mombasa kwa talaka ya mdomo, akaoa tena Ujerumani au nyumbani. Kwa fiqhi ameachana naye. Kwenye karatasi za Mjerumani, yule wa kwanza bado ni mke. Talaka iliyotolewa nje kwa kawaida hupelekwa kwanza kwenye idara ya sheria ya jimbo ili itambuliwe, isipokuwa iliamuliwa na mahakama au mamlaka ya nchi ambayo wote wawili walikuwa raia wake wakati huo. Kwa hiyo cheti cha talaka cha kadhi, chenye mhuri na namba, kina thamani kubwa kuliko ushahidi wa wazee watatu. Na talaka iliyotamkwa ukiwa Ujerumani, hata kwa simu, haina nguvu yoyote ya kisheria: huko anayevunja ndoa ni hakimu peke yake. Ndoa iliyofungwa msikitini Ujerumani bila msajili wa serikali nayo si ndoa mbele ya sheria. Hilo huleta taabu nyingine, za urithi hasa, lakini usiiandike kwenye fomu kama ndoa.

Kila faili la mtu mzima hupelekwa pia idara ya usalama ya kulinda katiba. Kusali msikitini si kosa wala dalili ya kosa. Kinachoangaliwa ni uanachama, uongozi na michango kwa jumuiya iliyo chini ya uangalizi. Jumuiya inaweza kuwa chini ya uangalizi miaka mingi huku milango ya msikiti wake iko wazi kwa kila mtu: Islamisches Zentrum Hamburg, iliyokuwa ikiendesha Msikiti wa Buluu, ilipigwa marufuku Julai 2024 tu. Fomu inauliza uanachama. Ukificha na ikajulikana, uraia unaweza kuvuliwa hadi miaka kumi baada ya kuupata. Uliyekuwa mwanachama na ukaondoka, eleza lini na kwa nini. Sheria yenyewe inamkubali aliyejitenga, mradi maelezo yake yaaminike.

Tangu 2024 kuna pia tamko kwamba unaitambua dhamana ya kihistoria ya Ujerumani kwa maovu ya Wanazi, hasa kulinda maisha ya Wayahudi, kuishi kwa amani kati ya mataifa, na marufuku ya vita vya uchokozi. Baadhi ya ofisi humtaka mwombaji aeleze kwa maneno yake alichotia saini. Kuikosoa serikali ya Israel si kipingamizi. Kusambaza mtandaoni picha za kuisifu Hamas, ambayo shughuli zake zilipigwa marufuku Ujerumani Novemba 2023, ni jambo lingine kabisa.

Ya kupima moyo hayakuanza juzi. Januari 2006 jimbo la Baden-Württemberg lilianzisha dodoso la maswali 30 kwa waombaji kutoka nchi za Kiislamu: ungefanya nini mwanao akikuambia ni shoga, na mengine ya namna hiyo. Lilifutwa 2011. Jimbo hilohilo ndilo lililotoa kesi ya mkono. Daktari mzaliwa wa Lebanon, aliyefika Ujerumani 2002 na kusomea udaktari hukohuko, alifaulu mtihani wa uraia kwa alama zote. Mwaka 2015 aliitwa achukue hati. Ofisa, mwanamke, alinyoosha mkono. Daktari hakuupokea, akisema alimwahidi mkewe hatampa mkono mwanamke mwingine. Hati haikutolewa. Agosti 2020 mahakama ya utawala ya rufaa ya jimbo, mjini Mannheim, iliiunga mkono ofisi: kukataa mkono kwa sababu ya jinsia ni kukataa usawa. Katikati ya shauri daktari alisema sasa hawapi mkono wanaume pia. Majaji waliona ni mbinu ya kesi. Kwamba mwaka ule wa korona hakuna Mjerumani aliyekuwa akimpa mwenzake mkono halikumsaidia.

Sioni hukumu ile kuwa nzuri, kwa kuwa ilifanya adabu ya siku moja kuwa kipimo cha miaka kumi na mitatu ya masomo na kazi. Lakini ndiyo iliyopo, na tangu 2024 sheria inasema wazi kwamba anayeonyesha kwa mwenendo wake kudharau usawa wa mwanamume na mwanamke hapati uraia. Jambo la kushika ni kwamba uraia haupatikani siku barua ya kukubaliwa inapofika. Unapatikana hati inapowekwa mkononi mwako, baada ya kutamka kiapo cha kuheshimu Katiba na sheria. Mpaka dakika hiyo ofisi inaweza kurudi nyuma. Mwenye msimamo kuhusu mkono na atafute ushauri kabla ya siku hiyo, na asalimie wote, wake kwa waume, kwa namna moja tangu siku ya kwanza alipoingia ofisini.

Ofisi isipokujibu kabisa, kuna dawa. Ukishawasilisha hati zote na ikapita miezi mitatu bila sababu ya kutosha, unaruhusiwa kuishitaki kwa kutotenda. Mawakili wengi huandika kwanza barua yenye tarehe ya mwisho, na faili huanza kusogea. Kama hati moja inapungua, usishitaki: utalipa gharama bure.

Kabla ya kupokea hati, fikiria nyumbani. Katiba ya Kenya ya 2010 inamwachia mzawa uraia wake, lakini sheria ya 2011 inamtaka autangaze uraia wa pili ndani ya miezi mitatu. Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Mjerumani hatakuomba tena uukane uraia wa Tanzania, ila Tanzania yenyewe itakuhesabu umeupoteza.

Baada ya hapo limebaki jina. Salim Ali Juma wa pwani ana jina lake, la baba na la babu. Hana jina la ukoo kama Mjerumani anavyolielewa, na pasipoti ya awali mara nyingi ilikatwa popote. Sheria ya Ujerumani inamruhusu raia mpya kwenda kwa msajili wa vizazi na ndoa na kutangaza lipi ni lake na lipi ni la ukoo. Fanyeni hivyo familia nzima kwa pamoja, kabla ya kuomba pasipoti za watoto, la sivyo baba ataitwa Juma, mtoto Salim, na kila mkisafiri mtaulizwa kama mtoto huyo ni wenu.