Wastani wa manukuu wa taasisi unavyopotosha

Kikao cha bodi kikikaribia tu naletewa swali lilelile, taasisi yetu inanukuliwa kiasi gani, yaani makala zetu zinatajwa mara ngapi na makala za wengine, na wanataka namba moja. Mimi kazi yangu ni kupima makala za watafiti na hiyo namba moja inaniumiza kichwa kweli, maana ukiitoa ovyo kuna kitengo kitanyimwa hela bila kosa.

Chukulia taasisi imetoa makala 10, tisa zimenukuliwa mara 5 kila moja, ya kumi mara 500. Wastani unakuja 54.5, unapendeza kwenye ripoti, lakini hakuna hata makala moja pale iliyokaribia 54. Zipange kwa mpangilio uchukue ya katikati, unapata 5. Hata h-indeksi, ile aliyoileta mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, inayotafuta namba kubwa kabisa h ambapo makala h zimenukuliwa angalau mara h kila moja, inatoa 5, kwa sababu makala zilizofikisha manukuu 6 hazifiki sita, ipo moja tu.

Halafu hiyo iliyobeba wenzake mara nyingi ni makala ya mbinu. Ile ya mwanabiokemia Oliver Lowry na wenzake ya 1951 kuhusu kupima protini imenukuliwa zaidi ya mara 300,000, kila anayetumia ile njia maabara anaitaja. Ina thamani kubwa sana, ila haikwambii chochote kuhusu makala nyingine za taasisi hiyohiyo.

Au ni ya kundi kubwa. Mwaka 2015 timu za majaribio ya ATLAS na CMS pale CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko Ulaya, zilitoa makala ya uzito wa chembe ya Higgs yenye waandishi 5,154, sasa kila taasisi ikijihesabia makala nzima si tunahesabu kitu kimoja mara mia kadhaa? Mimi nagawa kwa sehemu, taasisi inapata kiasi cha waandishi wake.

Hisabati na tiba usizichanganye kabisa. Wanahisabati wanaandika marejeo machache na wanachelewa kunukuliwa, kwa hiyo manukuu ya kila makala nayagawa kwa wastani wa dunia wa fani yake na mwaka wake, ikitoka 1 iko sawa na wenzake, ikitoka 2 imenukuliwa mara mbili yao.

Ila kabla ya hesabu zote hizo nasafisha majina, kwa sababu watafiti wa jengo moja wanaandika jina la taasisi kila mtu kivyake, mmoja kifupi, mwingine kirefu, mwingine anaweka idara peke yake, na kanzidata ya manukuu inawahesabu kama taasisi tatu. Hapo ndo siku zangu nyingi zinaishia.