Unalipia nini ukinunua gari la kifahari?

Kuanzia katikati ya Desemba, gereji yetu hapa Moshi haina nafasi ya kugeuza hata bajaji. Ni msimu wa watu "kurudi kuhesabiwa", yaani Wachagga kurudi nyumbani Kilimanjaro kwa Krismasi, na kabla ya kupanda Kibosho, Marangu au Rombo wanapita kwangu kukagua breki na kumwaga oili.

Mwaka juzi, alfajiri ya tarehe 24, mteja mmoja alinipigia simu. Alikuwa amefika usiku na gari la Ulaya la suspensheni ya hewa, yaani lenye mifuko ya mpira inayojazwa upepo badala ya springi za chuma. Aliliacha uani limesimama vizuri. Kulipokucha lilikuwa limelala upande wa kulia, fenda imegusa tairi, na wajomba wamelizunguka. "Fundi, njoo sasa hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Mzee anauliza limekuwaje."

Mfuko ulikuwa umepasuka kwa uzee, na Moshi nzima sikuupata mwingine. Kilichonikaa moyoni ni uso wake. Kijana aliyeondoka kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, miaka 20 iliyopita hawezi kuwapitishia wazee karatasi za benki. Gari ndilo linalosema kwa niaba yake kwamba kule alikokwenda kulilipa. Mchumi Thorstein Veblen aliandika kule Marekani mwaka 1899 kwamba vitu vya ghali hununuliwa pia ili vionekane. Sisi tulishaliona hilo kwa macho yetu: tukawaita wenye Mercedes-Benz wabenzi, kisha yakaja mashangingi, zile Land Cruiser za wakubwa.

Wengi wanasema huo ni ujinga. Mimi sikubali. Nina mteja mkandarasi aliyekuwa akienda vikaoni na Passo. Kila akifika, mlinzi alimwelekeza aegeshe nje ya geti. Siku alipokwenda na Prado aliyoinunua kwa mkopo, geti lilifunguliwa kabla hajapiga honi. Mafundi wake ni walewale, hesabu zake zilezile. Asiyekujua hupima kile anachokiona, na mtu anayetafuta kazi hawezi kusubiri ajulikane kwanza.

Ila katika pesa hiyo ipo sehemu inayokwenda kwenye jina tu. Toyota ilianzisha Lexus mwaka 1989 ikilenga soko la Marekani. Harrier ilipoanza kuuzwa Japani mwaka 1997, nje ya Japani gari hilohilo likawa Lexus RX. Hata ile tunayoiita tako la nyani ni RX. Nimezifungua zote mbili mara nyingi, na bushi za moja zinaingia kwenye nyingine. Bado watu wananiletea Harrier wakitaka nibandike nembo ya Lexus. Na herufi za namba za usajili nazo ni hivyohivyo: gari la mwaka 2008 likiingia nchini juzi linavaa namba E, herufi ya usajili wa karibuni, na jirani anasoma E, hasomi 2008.

Sehemu nyingine ya pesa iko kwenye chuma kweli, na hii naiheshimu. Breki za ABS za kielektroniki, zinazozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga ghafla, ziliingia kwenye Mercedes-Benz S-Class mwaka 1978, na mfuko wa hewa wa kumkinga dereva ukafuata kwenye S-Class mwaka 1981. Leo unaendesha Vitz yenye vyote viwili, lakini waliotangulia kuvilipia ni wale wa magari ya bei mbaya. Na mwenye V8, yaani Land Cruiser kubwa, anayepanda barabara za mawe huku milimani analipia fremu nzito, spea zinazopatikana, na uhakika kwamba siku akikwama kifedha atapata mnunuzi.

Ninakoumia ni kwenye mtumba wa kifahari. Gari likishazeeka bei yake huporomoka, lakini bei ya spea haijui kwamba gari limezeeka. Mnunuzi wa tatu amelipata kwa bei ya kutupa, halafu anakutana na shokapu yenye bei ileile aliyolipa tajiri wa kwanza. Kabla hujatoa pesa, piga simu duka la spea. Uliza shokapu moja ya mbele na kompresa ya upepo ni shilingi ngapi. Ikikukata pumzi, hilo gari huliwezi, hata kama muuzaji amekupunguzia nusu.

Yule wa tarehe 24 alikwenda kanisani Krismasi kwa Noah ya mjomba wake. Januari akaniletea gari, akaniomba niing'oe mifuko yote nifunge springi za chuma. Nilimweleza ukweli: ule ulaini wa safari, ambao ndio hasa uliotengenezewa gari lile, utaondoka. Alinyamaza kidogo, akiliangalia.

"Funga tu, fundi," akasema. "Desemba nataka walikute limesimama."