Uwanda wa Makonde haukunyimwa mvua: yanayosemwa kuhusu maji ya kusini, na yalivyo

"Newala ni kukame."

Mgeni akifika Newala, mji ulio juu ya uwanda huu mkoani Mtwara, kusini mwa Tanzania, mwezi Oktoba, akakuta ndoo foleni na baiskeli zimeelemewa na madumu, ataondoka akiamini huku mvua hainyeshi. Inanyesha. Ina msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, na kwa mwaka wa kawaida uwanda hupata mvua nyingi kuliko Dodoma. Shida ni mchanga. Ardhi ya juu hunywa maji upesi kiasi kwamba mto haupati nafasi ya kujitengeneza. Maji huzama mpaka yakutane na tabaka lisiloyapitisha, ndipo yatokee kama chemchemi huko chini, kwenye mabonde kama la Kitangari. Mradi wa Maji Makonde ulioanza miaka ya 1950 umebeba kazi hiyohiyo hadi leo: kuyapandisha juu maji ambayo mvua yake ilinyesha huko huko juu.

Wenyeji hawakusubiri bomba. Fedha ya korosho ikipatikana, mtu anaezeka bati, kisha anachimba kando ya nyumba kisima cha saruji cha kukinga mvua. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 8 kwa 6 likipata milimita 500 tu, yanatiririka maji lita 24,000, ukiacha yanayomwagika pembeni. Anayeamini Newala ni kukame atakuja na mtambo wa kuchimba. Anayeujua mchanga ataanza kwa kuuliza mabati mangapi hayana kisima.

"Wazee waliohamia juu, mbali na maji, hawakujua walitendalo."

Hii huniudhi kuliko zote, na mara nyingi huisikia kwa waliosoma. Mjerumani Karl Weule, aliyefika Newala mwaka 1906, aliandika simulizi ya asili ya Wamakonde. Mtu wa kwanza alichonga sanamu ya mti, ikageuka mwanamke. Wakaishi karibu na mto, mtoto akazaliwa mfu. Wakahama, bado bondeni, wa pili naye akazaliwa mfu. Walipopanda juu, wa tatu akaishi. Wosia uliobaki ni kwamba watu wasijenge mabondeni wala kando ya maji makubwa.

Ukiisoma kama hadithi ya watoto, utaipita. Ukiisoma kama taarifa ya afya, inakwambia mahali penye maji yaliyotuama pana mbu, pana homa, na mimba zinaharibika. Malaria kwa mjamzito huweza kuua mtoto tumboni. Hilo hospitali yoyote itakuthibitishia. Zaidi ya hapo, juu palikuwa na vichaka vizito vya kujificha wavamizi wasiwaone. Watu walipima, wakachagua kutembea mwendo mrefu kuchota kuliko kuzika watoto. Mtafiti anayechora ramani ya vyanzo bila kusikia habari hizi atapendekeza kijiji kihamishiwe bondeni, kisha ashangae watu wanapogoma.

"Utafiti shirikishi ni huo mkutano wa kijiji."

Mkutano unaitishwa, wanaume wanakaa mbele, karatasi ya mahudhurio inazunguka, soda zinagawiwa. Imekwisha. Mikoa ya Mtwara na Lindi imeujua ushirikishwaji zamani: Finland iligharimia mpango mkuu wa maji wa mikoa hii miaka ya 1970, na miaka ya 1990 mradi wa maendeleo ya vijijini ulioitwa RIPS ulikaa na wanavijiji kuchora ramani na kujadili shida zao. Hatuna kisingizio cha kusema ni jambo jipya.

Anayechota ndiye ajuaye chemchemi hupungua mwezi gani, na anayechota ni mwanamke. Nyakanga, yaani kungwi wa unyago, na mabibi wengine wana kumbukumbu ya miaka ambayo ofisi haina vipimo. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua hufuata ukoo wa mama, hivyo habari za ardhi inayozunguka chanzo usimuulize baba mwenye nyumba peke yake; mtafute mjomba, watafute wakulungwa, yaani wazee wa ukoo. Sheria nayo inawatambua watumiaji: ile ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inaruhusu jumuiya za watumia maji, chini ya bodi za mabonde. Huku kwetu ni Bodi ya Maji Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye ofisi Mtwara.

"Panda mti wowote, chanzo kitapona."

Mkaratusi karibu na chemchemi hunywa maji mengi mno. Mkuyu ni habari nyingine: penye mkuyu mkubwa, wazee husema maji hayako mbali, na kweli mti huo hupenda ardhi yenye maji karibu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita hizo ziachie vichaka vya asili.

"Kisima kikitoa chumvi, ongeza kina."

Kwa wa Mikindani na Kilwa: msifanye hivyo. Maji baridi ya pwani huelea juu ya maji ya chumvi. Kwa kadirio la wataalamu, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari ina kama mita 40 chini yake, kwa hiyo ukivuta sana ukashusha mita hiyo moja, chumvi hupanda kwa kasi kubwa. Chota kidogo kidogo, kwenye visima vifupi vilivyotawanyika.

Jambo la mwisho ni la watafiti wenyewe. Wengi huja Juni, barabara zikishakauka, na Juni chemchemi bado imeshiba. Njooni Oktoba. Watu watakuwa mashambani wanaokota korosho, kwa hiyo wafuateni hukohuko mikoroshoni, na majibu mkiyapata yaleteni kwa Kiswahili kabla ya msimu unaofuata.