Usomaji wa jukwaani: yale makaratasi yana kazi

Lawama ni ileile kila mara. Watu wamelipa kiingilio, wamekaa, wanaona waigizaji wanne wameshika makaratasi, na mnong'ono unapita safu za nyuma: hawa hawajakariri. Hawakutakiwa kukariri. Kinachofanyika pale ni usomaji wa jukwaani, yaani tamthilia nzima kusomwa kwa sauti mbele ya hadhira na waigizaji wenye mswada mkononi, bila maleba, bila mandhari, taa zikiwashwa na kuachwa hivyohivyo. Maana imeishia hapo. Vurugu inaanza pale inapochanganywa na ndugu zake.

Usomaji wa mezani ni kitu kingine: huo hauna hadhira, ni waigizaji na mwongozaji wanaisikia tamthilia kwa mara ya kwanza, na mtu anaruhusiwa kusimamisha na kuuliza. Mazoezi ya wazi nayo ni kingine. Pale onyesho liko njiani na wewe umeruhusiwa kuchungulia. Usomaji wa jukwaani haukatishwi na haurudiwi palipokosewa. Ila anayetuchosha zaidi ni yule anayeuita onyesho, kisha anaupima kama onyesho. Onyesho hula wiki kadhaa za mazoezi, usomaji hupewa siku moja au mbili. Marekani, chama cha waigizaji wa jukwaani, Actors' Equity, kina utaratibu maalumu ambao mazoezi na usomaji wenyewe kwa jumla havizidi saa 29, na mswada hauachwi. Kwa hiyo mwongozaji anayewabana waigizaji wakariri "walau nusu" anawapa kazi ya onyesho kwa malipo ya usomaji. Na hiyo nusu ndiyo inayoharibu: mtu anaacha karatasi kwa kujiamini, anapotea katikati ya sentensi, anapekua kurasa huku mwenzake akimsubiri.

Tuchukue Invasion! ya Jonas Hassen Khemiri, mtunzi aliyezaliwa Stockholm mwaka 1978, mama Mswidi na baba Mtunisia. Ilionyeshwa mara ya kwanza Stockholms stadsteater, ukumbi wa maonyesho wa jiji hilo, mwaka 2006. Ni tamthilia inayohusu wahamiaji na jinsi wanavyosemwa na wengine, na imejengwa juu ya jina moja, Abulkasem: mara ni neno la vijana la kusemea lolote, mara jina la uongo analojipa mwanamume akitongoza baa, mara mtu hatari anayejadiliwa na wataalamu. Waigizaji wanne hubeba wahusika wote. Hakuna vita wala magari ya kuonyesha. Karibu kila kitu kimo kwenye maneno, ndiyo maana inasomeka vizuri. Ukiisoma Mombasa au Unguja, jina hilo halitatisha mtu, maana wakina Abulkasim wapo mtaani. Mwongozaji alijue hilo mapema, kwa sababu ugeni ambao hadhira ya Stockholm inausikia kwenye jina, hapa lazima utoke kwenye sauti za wanaolitamka.

Inasomeka vizuri, lakini si rahisi. Inaanza kwa waigizaji wawili wakicheza kipande cha tamthilia ya kale ya Almqvist, mwandishi wa Uswidi wa karne ya 19, kwa mbwembwe zote, hadi vijana wawili walioketi kati ya watazamaji wanaanza fujo. Kwenye onyesho, maleba ya kizamani yanamdanganya mtazamaji. Kwenye usomaji hayapo, hivyo udanganyifu wote uko kooni: mkisoma mwanzo huo kwa sauti ya kawaida, fujo ikija haina cha kuvunja. Na wale vijana mswada wao wauweke wapi? Mtu akionekana na faili mapajani, siri imetoka. Dawa ni kurasa mbili tatu za mwanzo zikunjwe ndani ya karatasi ya ratiba ya jioni hiyo, sawa na anayoshika kila mtazamaji.

Halafu kuna msomaji wa maelekezo ya jukwaa, mtu wa tano asiyecheza yeyote. Huyu ndiye anayeua usomaji mwingi. Akisoma "vijana wawili wanaanza kelele ukumbini" sekunde moja kabla ya kelele, kazi imekwisha. Siku moja kabla, mwongozaji apite mswada kwa penseli na kufuta kila elekezo ambalo hadhira itaielewa tamthilia bila hilo. "Anacheka" lifutwe, msomaji atacheka. "Miezi sita baadaye" libaki.

Kuna pia kipande cha mchuma matufaha, mwomba hifadhi anayesemewa na mkalimani. Mkalimani anaanza kwa uaminifu, kisha anamwekea maneno mdomoni hadi mtu wa watu anageuka tishio. Wasomaji hao wawili wasimame bega kwa bega, wote wakiikabili hadhira, na kipande hicho kipewe muda mkubwa kuliko vingine vyote vya mazoezi. Mkalimani akichelewa kidogo kuingia, watu wanacheka pasipostahili.

Mengine ni ufundi mdogomdogo. Stendi za kuwekea mswada, zile za wanamuziki, zisipande juu ya kifua. Kurasa zichapwe upande mmoja, zisipigwe pini, ukurasa uliosomwa usogezwe kushoto kimya. Kidole gumba kiteremke pembezoni mwa mstari ili macho yakiinuka yajue pa kurudi, na yainuke mwishoni mwa sentensi, kwa yule anayeambiwa. Aliyesimama yumo ndani ya tukio, aliyeketi ametoka.

Mfasiri, kama yupo, akae nyuma na penseli. Waigizaji wawili tofauti wakijikwaa kwenye sentensi zilizojengwa namna moja, tatizo si ndimi zao. Kwenye usomaji, sentensi kama hiyo hugharimu penseli tu. Kwenye onyesho ingekuwa imeshakaririwa vibaya na watu wote.

Basi wenzetu wa mabango, andikeni tu "usomaji wa jukwaani", kwa herufi zinazoonekana, na kiingilio kiwe cha usomaji. Na wewe wa safu ya nyuma, ukiona ukurasa unageuzwa, endelea kusikiliza.